Bibi Apata A

Herufi iliyobandikwa kwenye dirisha la bibi yangu ilikuwa B, na ilikuwa imekaa pale muda mrefu hata jua likaipausha ikafanana na picha ya ndugu wa zamani. Sheria ya kaunti inataka kila mgahawa uweke herufi yake karibu na mlango, wazi kabisa, ili mteja ajue mkaguzi wa afya alikuta nini jikoni kabla yeye mwenyewe hajakutana nacho kwenye sahani. Ni sheria nzuri. Mimi niliyelelewa na sheria katika shule ya bweni naiheshimu kwa dhati.

Ila sisi Wachina wa bonde la San Gabriel tuliipa tafsiri yetu. A, kwa mujibu wa watu wazima wote ninaowafahamu, ni mgahawa unaopikia watu wanaoomba uma. B ni mahali pa kula. C ni mahali pa kula ikiwa una bima. Mzee Ngov, ambaye hula kwa Bibi kila asubuhi pamoja na rafiki yake Mzee Tia, alikuwa akisimulia kwamba siku moja aliingia mahali penye A akaletewa bata mwenye ladha kama amepikwa hospitalini, tena na mhudumu aliyetabasamu. Bata alimsamehe. Tabasamu hakulisamehe.

Kwa hiyo B ya Bibi haikumsumbua mtu yeyote, mpaka baba mdogo Heng, fundi wa lifti, alipopenda.

Alimpenda Odette Khuu, mwalimu wa kuogelea, na hapo hakuna wa kumlaumu; hata mimi nampenda. Tatizo lilikuwa baba yake Odette. Daktari Khuu ni daktari wa meno kule Arcadia, mtu ambaye, kwa maelezo ya binti yake mwenyewe, huosha mikono kabla ya kuosha mikono. Hajawahi kukanyaga mgahawa wenye B.

Heng alitupa habari hizo mezani, huku akiutazama wali wake kana kwamba ndio unaoposa.

“Mama, wazazi wa Odette wako tayari kuja kutuona. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu.”

“Vizuri,” Bibi akasema. “Nitapika.”

“Ndiyo. Ila Daktari anapendekeza tukutane hotelini.”

Bibi akaweka vijiti chini. Sisi ni watu wa Teochew, Wachina wa pwani ya kusini. Kwetu, mama wa kijana ndiye anayewalisha wakwe mara ya kwanza, kwenye meza yake, kutoka jiko lake. Akiwalisha kutoka jiko la mtu mwingine, amekiri mbele yao kwamba jiko lake halifai.

“Hotelini? Nina bata hapa, niwapeleke wakale bata wa mtu?”

“Ni ile herufi, Mama.”

“Herufi imemfanya nini? Anakula karatasi?”

“Hali chakula penye B. Kabisa. Odette amemsihi mpaka amechoka.”

Bibi akasukuma bakuli lake mbele. Kisha akaniangalia mimi, si Heng, na mimi nikajua kwamba likizo yangu imekwisha.

“Muai,” akasema, jina ambalo kwetu huitwa msichana yeyote aliye karibu na kazi. “Tutapata A.”

Inabidi nieleze sifa zangu za kufaa kwa jukumu hilo. Nasoma kwa ufadhili katika shule ya bweni iliyo kwenye vilima upande wa pili wa nchi, ambako nimejifunza Kilatini, kukunja soksi, na namna ya kuhamisha piano ya mwalimu mkuu mpaka kwenye mtumbwi bila kuonekana. Kila Jumamosi matroni wetu hupita vyumbani na glavu nyeupe akipapasa juu ya makabati. Nimekaguliwa na mabingwa. Kama kuna kiumbe hapa bondeni anayejua jinsi mkaguzi anavyofikiri, ni yule ambaye kwa miaka amekuwa akificha mambo chini ya kitanda chake.

Nikajiteua Mkaguzi Mkuu wa Nyumbani. Nilivaa tai ya Heng na miwani ya marehemu babu, nikaingia jikoni nikiwa nimeshika ubao na kalamu, nikamwita Bibi kwa jina la ukoo.

“Mama Taing, kitambaa hiki kinafanya nini begani kwako?”

“Kinapumzika.”

“Kitambaa kinapumzikia kwenye ndoo ya dawa. Si begani.”

“Muai, bega hili ndilo ulilolitapikia ulipokuwa mchanga.”

“Naandika. Nakata pointi nne.”

Alinirushia kitunguu. Nikaandika na hicho pia. Lakini kesho yake kitambaa kilikuwa kwenye ndoo, na keshokutwa kuku mbichi walikuwa wamehamishwa rafu ya chini ya friji, na Bibi alikuwa akimfokea kijana aliyemletea mboga, “Pointi mbili hizo! Pointi mbili!” kwa sauti ya mtu aliyeonja madaraka.

Vita vyenyewe vilikuwa juu ya chungu. Babu ndiye aliyeuanzisha ule mchuzi wa bata, kabla baba yangu hajaota meno, na tangu hapo haujawahi kumwagwa. Bata huingia, bata hutoka. Maji na sosi ya soya na viungo huongezwa. Mchuzi hubaki, mweusi, mzito, unaojua mambo yote. Bibi alikuwa akizima moto jioni, akaufunika, akauacha jikoni hadi alfajiri. Kwa macho ya idara ya afya, mchuzi unaokaa vuguvugu saa nyingi ni nyumba ya kulala wageni kwa vijidudu, na kila mkaguzi aliyewahi kuja alikata pointi papo hapo. Dawa yake ni rahisi. Unaumimina kwenye sinia pana zilizokaa juu ya barafu, upoe haraka, halafu unauingiza kwenye friji.

“Unataka nimkate babu yako vipande,” Bibi akasema.

“Si vipande, Bibi. Tunamlaza kwenye vitanda tofauti.”

“Hajawahi kulala bila mimi.”

Nikamwambia tutajaribu mara moja tu, na kama ladha itabadilika hata kidogo, nitamwandikia Daktari Khuu barua ya kumwambia ale hotelini peke yake. Bibi akakubali. Alisimama pale muda wote sinia zilipokuwa zikipoa, akizinong'oneza kitu ambacho sikusogea kukisikiliza. Asubuhi tukaurudisha mchuzi wote kwenye chungu, ukachemka, Bibi akachota kwa kijiko, akapuliza, akaonja. Akaonja tena, na tena, mpaka nikaanza kutunga ile barua kichwani.

“Kumbe baridi haimdhuru,” akasema. “Alikuwa akinidanganya. Kila msimu wa baridi alikuwa anadai blanketi lote.”

Mkaguzi alikuja katikati ya wiki, bila taarifa, kama wafanyavyo. Aliitwa Bi. Arreola, mama mpole mwenye viatu visivyo na sauti, na alitia kipimajoto chake katika kila kitu kilichokaa tuli. Bibi alimfuata nyuma mikono kifuani. Bi. Arreola alifungua friji, akachungulia nyuma ya jiko, akasoma kipimajoto, akasoma tena. Mwishowe alikata pointi chache, mojawapo kwa sababu ya begi la shule lililokuwa juu ya gunia la mchele. Begi lilikuwa langu. Mkaguzi Mkuu wa Nyumbani akauficha ubao wake nyuma ya mgongo.

Kisha akaondoa ile B kuukuu na kubandika A.

Ilikuwa kubwa, ya buluu, inang'aa. Bibi alitoka nje kuitazama kutoka maegesho ya magari. Akarudi nyuma, akaitazama kutoka mbali zaidi, mpaka dereva mmoja akampigia honi. Akampigia simu shangazi kule Fresno akamwelezea umbo la herufi A, kana kwamba Fresno hawana. Heng alimkumbatia mama yake hadharani, jambo ambalo kwetu hufanyika uwanja wa ndege tu.

Asubuhi iliyofuata nilikuta wazee wawili wamesimama mbele ya dirisha. Mzee Ngov alikuwa amevua kofia.

“Lini?” akaniuliza kwa sauti ya chini.

“Lini nini, mzee?”

“Lini ameuza?”

“Hajauza mgahawa. Ni A tu.”

Mzee Ngov akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto ambaye wakubwa bado hawajamwambia. Mzee Tia akanishika bega.

Waliingia. Na hapo, nakiri, mambo yalizidi kuharibika, kwa sababu Bibi aliwapokea. Huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kumpokea mtu. Wateja walikuwa wakiingia kwa hatari yao wenyewe. Hakuwahi pia kuwauliza wazee wale wanataka nini. Aliwaletea kile alichoona wanastahili siku hiyo, na kama walikuwa wamemuudhi, waliletewa mabawa. Sasa alikuja amevaa kofia ya wavu na glavu, akiwa amekunja mikono kama mwanakwaya.

“Karibuni, mabwana,” akasema. “Mngependa kuagiza nini leo?”

Kijiko kikamponyoka Mzee Tia.

Baadaye nilimvuta Bibi jikoni. “Bibi, una homa?”

“Ssh. Unajua mteja akikasirika anafanya nini? Anapiga simu idara ya afya. Akipiga simu, wanarudi kukagua. Wakirudi, wanaweza kuniondolea. Mpaka Jumapili ipite, simkasirishi mtu.”

“Wale wazee umewatukana tangu kabla sijazaliwa. Hawajapiga simu hata mara moja.”

“Ndiyo, lakini wakati ule sikuwa na kitu cha kunyang'anywa.”

Akarudi ukumbini kuwauliza kama wameridhika na chakula. Wakajibu wameridhika. Wakaacha nusu ya bata. Wakasema asante, wakaondoka. Neno hilo sikuwahi kulisikia mle ndani.

Habari zilienea bondeni kwa kasi. Taing ameuza. Ameuza kwa watu wa Arcadia. Bata ni yule yule lakini hana roho. Mchuzi wamemwaga. Kwenye foleni ya benki nilimsikia mama mmoja akisema kwamba bibi yangu amekufa na yule anayeonekana pale ni dada yake. Siku moja baada ya nyingine meza zilibaki tupu. Wateja wapya walikuja wawili, mume na mke, wakapiga picha ya A, wakauliza kama kuna saladi. Bibi akawaambia, kwa upole wa kutisha, kwamba atauliza jikoni. Jikoni alikuwa yeye.

Jumamosi Heng alinikuta nikifuta meza ambazo hazikuwa na mtu wa kuzichafua.

“Unajua Daktari Khuu ataona nini kesho?” akasema. “A na viti.”

“Si alitaka A?”

“Alitaka A. Lakini na yeye ni Mteochew, Muai. Mgahawa mtupu Jumapili mchana! Hatazima hata injini. Atageuza gari, na mimi nitazeeka natengeneza lifti peke yangu.”

Alijaribu kucheka, hakuweza. Heng ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi na kufungua kufuli kwa kibanio cha nywele, elimu mbili zilizonifaa kuliko Kilatini, na sikupenda kumwona hivyo. Nikaweka kitambaa kwenye ndoo ya dawa, kwa kufuata kanuni, nikaenda duka la jirani.

Jirani yetu anauza chai ya maziwa yenye vidonge vyeusi vya muhogo, ile inayopendwa na wanafunzi. Kati ya wanafunzi walikaa Mzee Ngov na Mzee Tia, kila mmoja na mrija mnene mdomoni, kama wakimbizi.

“Binti,” Mzee Tia akaniambia, “hizi goroli wanawezaje kuwauzia watu wenye meno ya bandia bila kibali?”

“Rudini kwa Bibi, basi.”

“Bibi yako yuko wapi?” Mzee Ngov akauliza. “Yule mle ndani simjui.”

“Ni yeye. Hajauza, hajafa. Mchuzi ni ule ule. Nimeumimina kwa mikono yangu.”

“Juzi ameniita bwana.”

“Ni heshima tu, mzee.”

“Heshima!” Akauchomoa mrija na kuniashiria nao. “Mke wangu alipofariki, watu wote walinijia na heshima. Wananong'ona, wananiletea maua. Bibi yako akanigongea mlango akasema, ‘We kobe, utakaa humo ndani unuke mpaka lini? Njoo ule.’ Sasa aniite bwana? Mtu anayekuita bwana anataka uende zako.”

Mzee Tia akatikisa kichwa. “Kama hajauza, mbona hajatutukana?”

“Akiwatukana mtarudi?”

Wakatazamana.

“Itategemea tusi,” Mzee Ngov akasema.

Nilirudi nikiwa na utulivu wa mtu aliyepata wito. Maisha yangu yote nimeambiwa kwamba kipaji changu cha kuwaudhi watu wazima hakitanifikisha popote. Matroni aliniandikia hivyo kwenye ripoti, kwa wino mwekundu. Sasa ndoa ya baba mdogo ilikuwa inategemea kipaji hicho hicho.

Jumapili nilianza kazi mapema. Wakwe walikuwa wanatarajiwa saa sita mchana. Heng alikuwa amekwenda Arcadia kuwachukua Odette na mama yake, na Daktari angekuja na gari lake. Ukumbini hakukuwa na mtu. Bibi alikuwa nyuma ya kaunta, amenyooka, glavu mkononi, akiwatazama bata walioning'inia kwenye kabati la kioo.

“Bibi,” nikasema, “naomba tomato sosi. Ya kutia kwenye mchuzi wa bata.”

Mshipa ukamtoka shingoni. Akafumba macho. “Ipo kwenye rafu, mjukuu wangu.”

Mjukuu wangu! Hali ilikuwa mbaya kuliko nilivyodhani. Nikaongeza dozi.

“Wanasema bata wa mtaa wa pili siku hizi ni laini kuliko wetu.”

“Nafurahi kwa ajili yao,” Bibi akasema, kwa meno yaliyobana.

Saa ilikuwa inakwenda. Ikabidi nitumie silaha ambayo nilikuwa nimeomba nisiitumie. Nilichukua bata mmoja, si yule aliyetengewa wakwe, kwa sababu nina mipaka. Nikachukua mkasi. Niliuosha kwanza, nikautia dawa, nikanawa mikono na kuvaa glavu, kwani nilitaka kutenda kosa la adabu, si la afya. Halafu nikasimama kwenye kile kigogo cha kukatia kilicho mbele ya dirisha, mahali ambapo Bibi peke yake ndiye husimama na kisu chake kipana, na ambapo kila bata hukatwa kwa mapigo safi, mfupa na nyama pamoja, kisha hupangwa kwenye sahani kana kwamba hajakatwa. Na mimi nikaanza kumkata bata kwa mkasi, kuanzia mguuni, kwa ubavu, vipande vya saizi yoyote.

Bibi akageuka kutoka kwenye kabati la kioo.

“Wewe.”

Nikaendelea. Kwa mkasi ule ngozi haikukatika, ilichanika.

“WEWE! Weka chini huo mkasi! Huyo bata amekukosea nini? Amekuibia? Unamkata kama unamkata mtu kucha! Tumekupeleka shule ya matajiri ukasome Kilatini, umerudi kinyozi! Toka hapo! Mama yako angejua anazaa nini angezaa mbuzi, tungepata maziwa! Ona paja hili! Mtu atalila vipi paja hili, kwa kulipigia simu?”

Ukuta kati yetu na duka la chai ni mwembamba. Bibi alipofika kwenye habari za ukoo wa mama yangu, mlango ulifunguka kwa kishindo, na Mzee Ngov akaingia anahema, Mzee Tia nyuma yake.

“Nini kimetokea?” Mzee Ngov akasema.

Bibi akageuka, kisu mkononi.

“Wewe kobe! Ulikuwa wapi siku zote hizi? Unakunywa chai ya watoto? Kaa chini! Usiburute kiti, sakafu imefutwa! Na wewe Tia, futa kidevu, una goroli!”

Mzee Tia akafuta kidevu. Nadhani macho yake yalikuwa na maji, lakini ni mzee, macho yake huwa na maji. Mzee Ngov alikuwa tayari ametoa simu.

“Hajauza,” akasema kwenye simu. “Ndiyo, yeye mwenyewe. Amenitukana mara mbili na bado sijakaa. Waambie na wengine.”

Walikuja. Walikuja na wake zao na wajukuu, na yule mama wa foleni ya benki alikuja kumgusa Bibi mkono kuhakikisha. Haikupita muda meza zote zilijaa, foleni ikafika nje, na Bibi, akiwa bado na kofia yake ya wavu na glavu zake, na kipimajoto mfukoni, alikuwa akikata bata na watu kwa kasi ile ile. Mimi nilipewa adhabu ya kubeba sahani. Niliitumikia kwa furaha ambayo niliificha ipasavyo.

Katika vurugu hiyo alitokea bwana mmoja mwembamba, mwenye tai, amesimama mlangoni. Alikuwa amefika kabla ya muda, kama watu wa miadi wanavyofanya. Hakuingia. Aliinama mbele ya dirisha akaisoma ile kadi, herufi yenyewe, kisha tarehe, kisha maandishi madogo ya chini, huku ameushikilia mlango wazi kwa mkono mmoja. Nilimjua mara moja, maana Odette alishanionyesha picha. Nilikuwa na sahani nne mkononi. Nilifungua mdomo, nikachelewa.

“Wewe mwenye tai!” Bibi akapaza sauti kutoka kaunta. “Umekuja kula bata au kula herufi? Funga mlango! Nzi wakiingia, nikinyang'anywa hiyo A, utanipa ya kwako?”

Bwana yule akafunga mlango. Akabaki amesimama kwa ndani.

“Na usisimame njiani! Kaa!”

“Sioni kiti,” akasema, kwa Kiteochew kilichokuwa na kutu.

“Ngov, msogelee! Una makalio mangapi? Mpe mwenzako nafasi!”

Mzee Ngov akasogea. Daktari Khuu wa Arcadia akakaa katikati ya wazee wawili, akiwa ameweka magoti pamoja. Bibi akawapitishia sahani bila kuuliza mtu anataka nini. Daktari aliitazama ile sahani. Akatoa kitambaa cha mfukoni, akafuta vijiti. Akachukua kipande kimoja.

“Anza na shingo,” Mzee Tia akamshauri. “Na usitumie vijiti kwenye shingo, utaonekana mgeni.”

Nilipopita mara ya pili, tai ilikuwa imetupwa begani. Mara ya tatu, alikuwa anabishana na Mzee Ngov kama bata wa Saigon wa zamani alikuwa mtamu kuliko huyu, na Mzee Ngov alikuwa anamwambia kwamba ulimi wake umeharibiwa na dawa za kusukutua.

Ndipo Heng akaingia na Odette na mama yake. Heng aliona ukumbi uliojaa, akafumba macho kama mtu anayeshukuru. Akayafungua, akaona nani amekaa katikati ya wazee.

“Mama,” akasema kwenye kaunta, rangi imemtoka. “Yule mwenye tai. Umemhudumia?”

“Nimemkalisha. Alikuwa anaingiza nzi.”

“Ndiye Daktari Khuu.”

Kisu kikatua kwenye kigogo na kukaa. Sijawahi kumwona Bibi akitafuta maneno. Kwa kawaida maneno ndiyo humtafuta yeye. Alivua glavu, akajifuta, akalainisha nywele zilizokuwa chini ya wavu, akaenda mpaka kwenye ile meza akiwa amekunja mikono kama mwanakwaya.

“Daktari,” akasema kwa ile sauti ya ‘Karibuni, mabwana’, “karibu sana kwetu. Samahani kwa makelele. Natumaini umeridhika na chakula?”

Mzee Ngov alishika kichwa. “Usimwulize hivyo! Atadhani umeuza!”

Watu wa meza za jirani wakageuka. Odette alikuwa ameuma kidole. Daktari Khuu akaweka mfupa chini, pembeni mwa sahani, sambamba na mifupa mingine.

“Mama Heng,” akasema, “mimi nilikuja mapema nikague jiko lako. Nikuambie ukweli. Nilikuwa na maswali nimeyaandaa.”

“Na?”

“Kila nikitaka kusimama mnanikalisha.”

“Uliza ukiwa umekaa.”

“Yote nimeyasahau. Ninalokumbuka ni kuhusu kijana. Kama ni msafi.”

“Mwanangu?” Upole ukaanza kumtoka Bibi, nikauona ukitoka. “Mwanangu ni msafi. Kuamka ndiyo shida. Usipomvuta mguu haamki, analala kama gogo.”

“Mama!” Heng akasema.

“Wewe kimya, naongea na mkwe.”

Bibi mwenyewe alionekana kushtuka kwamba neno ‘mkwe’ limeshatoka. Kwetu neno hilo halitangulii. Hungojwa mpaka chai ya mwisho, na upande wa msichana ndio hulifungulia njia. Daktari Khuu alilifikiria. Akamtazama binti yake, akamtazama Heng ambaye alikuwa amesimama kama mtu aliyekwama kati ya ghorofa mbili. Kisha akaikokota ile sahani karibu yake, kwa sababu mkono wa Mzee Tia ulikuwa unaikaribia.

“Mkwe,” akamjibu Bibi, “mke wangu naye hana pa kukaa.”

“Ngov!” Bibi akafoka. “Hujasikia?”

Mzee Ngov akasogea tena.